Nyuma ya Stakabadhi

Dada yangu Somoe hakununua wino.
Wino wake ulitoka kwenye ganda la korosho,
yale mafuta meusi yanayochubua vidole
mpaka michirizi yote ya ncha ikafutika.
Ukimshika mkono unadhani umeshika karatasi.

Tuliishi Newala,
ambako ukungu wa asubuhi huingia ndani bila hodi
na ndoo ya maji ina bei.
Alfajiri alikwishapanga foleni kioski,
akarudi, akachemsha ming'oko,
akamfunga Nassoro vifungo vya shati,
akanisugua masikio kwa hasira za mtu anayechelewa shule,
halafu akachelewa shule.
Kidato cha tatu. Mwalimu wa zamu hakutaka kujua.

Jioni, kubangua.
Mafiga, bati, moshi unaowasha koo,
kirungu cha mpingo, tok, tok,
kilo tano za mtu mwingine
kwa hela ya chumvi na daftari. Letu, si lake.
Mama alitutoka mwaka ule mvua ilipowahi
na mabibo yakaozea chini ya mikorosho,
na baba, shati limegeuka manjano kwa salfa,
akawa anaongea na miti kuliko na sisi.

Mimi ndiye niliyejua.
Nilikuwa najifanya nimelala.
Alichovya njiti ya kiberiti kwenye kifuu,
akageuza stakabadhi za chama cha msingi,
na nyuma yake akamweka
bibi Nantende, anakosa tundu la sindano,
mbuzi wa jirani na kiburi chake,
mwalimu wa zamu, mdomo wazi, fimbo kwapani.
Mistari michache tu, na mtu anapumua.
Akimaliza anazisokomeza chini ya godoro,
anasema kwa sauti ya chini, kama anayejiapiza:
"Kazi ya watu wasio na kazi."

Mwezi wa tatu likaja tangazo la malipo ya pili:
kila mkulima na stakabadhi yake.
Baba akaliinua godoro, akachomoa ya juu,
akasoma kilo tu, kwa sababu namba ndizo anazozijua.
Nilimfuata hadi ofisini, nimeshika pindo la koti lake.
Karani akahakiki, akaandika,
kisha, sijui kwa nini, akageuza.

Mama.
Ameinamia beseni, kanga imeteleza begani,
anacheka kitu ambacho sisi hatukukisikia.

Karani akasafisha koo.
"Mzee, nani huyu?"
Baba akatazama mpaka foleni nyuma yetu ikaanza kuguna.
"Mke wangu. Nirudishie."
"Hii inabaki ofisini."

Kilo mia na arobaini. Sare, bati, deni la salfa.
Baba akachovya dole gumba kwenye wino wa bluu,
akaligandamiza upande wa namba, taratibu,
kama anayeogopa kumwamsha mtu wa upande wa pili.
Tukamwacha mama kwenye faili.

Njiani hakusema neno.
Nilitegemea atapita dukani, anunue hata penseli ya rangi.
Hakupita. Alilipa deni.

Ila jioni, Somoe alipokuja na karai,
baba alikuwa ameshakalia kigoda chake, kirungu mkononi.
"Leo nabangua mimi."
Alibangua vibaya. Korosho zilipasuka vipande,
tajiri angekata nusu ya ujira.
Dada akasimama, mikono imening'inia
kama nguo zilizosahaulika kambani.
Nikamsogezea njiti. Nikamsogezea kifuu.
Akaviangalia, akajilaza mkekani,
na kabla hatujazima kibatari alikuwa ameshapitiwa,
mkono mmoja nje ya shuka.

Usiku niliamka.
Baba bado yupo palepale, vidole vinaanza kubabuka,
stakabadhi moja pajani, upande mweupe juu,
ameshika njiti
na hajui aanzie wapi.